Wasomaji wanauliza: huyu "konda" wa okestra alipandaje mpaka New York?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba Gustavo Dudamel anatoka Los Angeles anahamia New York, nikamwita "konda mpya wa New York", basi nikawa nimejitakia mwenyewe. Msomaji mmoja wa Mbagala kaniuliza kama huko nako abiria wananing'inia mlangoni, mwingine kauliza nauli. Haya, naomba radhi, niweke sawa: ni kondakta, yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi, kwenye kwaya zetu huyo huyo ndo tunamwita mwalimu. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia, nimechagua machache, lile la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mengine yote yanalizunguka.

Swali (Tabora): Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 13, na tangu aone video za huyo Dudamel, yule mwenye nywele za kujiviringa, hatulali. Anasimama mbele ya kioo cha kabati anaongoza kwa mwiko wangu wa ugali mpaka umevunjika ncha. Shemeji yangu anasema ile si kazi ni kupunga mikono tu, na huyo jamaa lazima ni mtoto wa wakubwa, haiwezekani mtu atoke nchi yenye shida kama zetu akabidhiwe okestra ya Marekani hivi hivi. Mwalimu, alifikaje pale? Na huyu wangu nimfanyeje?

Jibu: Marahaba mama Tabora, pole na mwiko.

Tuanze na hilo la mtoto wa wakubwa. Dudamel kazaliwa Januari 26, 1981, mji unaitwa Barquisimeto, Venezuela. Baba yake alikuwa mpiga tromboni, anapiga salsa kwenye mabendi, mama yake mwalimu wa kuimba, na sehemu kubwa ya utoto kalelewa na bibi. Sasa watu wa muziki wa dansi mnawajua, hakuna mkubwa hapo. Mtoto alitaka tromboni kama baba, mikono ikawa mifupi haifiki mwisho wa ule mrija wa kuvuta, akapewa violini. Na kama wako alivyo na mwiko, yeye alikuwa anapanga midoli yake sakafuni kama wanamuziki walivyokaa, anaweka santuri, anaiongoza. Mpaka hapo ni mtoto kama watoto wengine tu, dunia nzima ina watoto wanaopunga vijiko.

Tofauti ni alichokikuta nje ya mlango. Mwaka 1975 kule Caracas kuna bwana mmoja anaitwa José Antonio Abreu, mchumi kwa taaluma lakini mwanamuziki pia, aliamua kuanzisha okestra ya vijana. Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba siku ya zoezi la kwanza alipata msaada wa stendi 50 za kuwekea nota, akategemea watoto 100, wakaja 11. Kumi na moja! Stendi zimejaa ukumbi, watoto wanahesabika. Anasema alijiuliza hapo hapo, nifunge au niwazidishe hawa. Akawazidisha. Ule mpango ndo ukaja kuitwa El Sistema, serikali baada ya serikali zikautia hela, ukatapakaa nchi nzima, mtoto anakwenda mchana baada ya shule anapewa chombo na kiti ndani ya okestra siku hiyo hiyo, haambiwi kwanza kaa chumbani miaka mitano ukijua ndo uje. Unajifunza ndani ya kundi. Kufika wakati Dudamel anakua, Barquisimeto tayari kulikuwa na okestra ya watoto, na baba yake mwenyewe alikuwa kwenye mtandao huo.

Sasa mama, hapa ndo nataka usome polepole na shemeji umsomee kwa sauti. Mpiga violini anaweza kufanya mazoezi chumbani kwake amefunga mlango. Mpiga kinanda hivyo hivyo. Kondakta je? Chombo chake ni watu. Kama hana watu 60 au 80 wamekaa mbele yake na vyombo vyao, hana anachofanyia mazoezi, ni sawa na mtu anayejifunza udereva bila gari, anakaa kwenye kiti cha plastiki anazungusha sahani. Kwenye vyuo vikubwa vya nchi tajiri mwanafunzi wa ukondakta anapanga foleni apate dakika zake chache mbele ya okestra, siku nyingine anaongoza piano mbili tu zinazojifanya okestra. Huyu wetu siku moja, ana kama miaka 12, mwalimu kachelewa zoezi, yeye akaacha violini akapanda pale mbele kwa utani kuwachekesha wenzake, wakacheka, halafu baada ya dakika chache hawacheki tena, wanapiga. Mwalimu akafika akakuta zoezi linaendelea. Badala ya viboko akapewa kazi. Mwaka 1995 akaanza kufundishwa rasmi kuongoza, 1996 akapewa okestra ndogo, na 1999, ana miaka 18, Abreu akamkabidhi okestra ya vijana ya taifa, ile ya Simón Bolívar. Miaka 18 mama. Wenzake wa Ulaya umri huo wanasubiri matokeo ya mtihani wa kuingia chuo, yeye ana okestra nzima ya kila siku, wa umri wake, wamekua pamoja, akikosea wanamwambia kwa kelele.

Kwa hiyo mwaka 2004 alipokwenda Bamberg, Ujerumani, kwenye mashindano ya makondakta yanayobeba jina la mtunzi na kondakta wa zamani Gustav Mahler, ndo yalikuwa yanafanyika kwa mara ya kwanza, watu walimwona kama ametokea mbinguni. Ana miaka 23, lugha inamgomea, lakini akipanda pale wanamuziki wanabadilika. Kumbe tayari alikuwa na saa nyingi za kusimama mbele ya watu kuliko wengi waliomzidi umri. Akashinda. Miongoni mwa waamuzi alikuwepo Esa-Pekka Salonen, Mfini, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa Los Angeles Philharmonic, naye hakungoja, alimpigia simu bosi wa utawala wa okestra yake, Deborah Borda, akamwambia kuna mnyama wa kuongoza huku, maana yake mtu aliyezaliwa nayo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, nitapita haraka. Septemba 2005 akaongoza Los Angeles kwa mara ya kwanza, kwenye uwanja wao wa wazi wa Hollywood Bowl. Mwaka huo huo kampuni ya Deutsche Grammophon ikamsajili, na santuri yake ya kwanza ilitoka 2006, simfoni (vipande virefu vya okestra) za mtunzi Beethoven, namba 5 na namba 7, tena hakurekodi na mabingwa wa Berlin wala Vienna, alirekodi na wenzake wale wale wa Simón Bolívar. Aprili 2007 Los Angeles wakatangaza kwamba Salonen akitoka anaingia huyu, ana miaka 26, na Agosti akaenda London na vijana wake kwenye tamasha la Proms. Video hiyo nadhani ndo mwanao anaiangalia, mwishoni wanavaa makoti ya rangi za bendera ya Venezuela, wanapiga kipande kinaitwa "Mambo" cha Mmarekani Leonard Bernstein, wapiga besi wanazungusha mabesi yao kama watoto wanavyozungusha pia za kuchezea, Waingereza wale wa kukaa kimya wamesimama wote. Mi nimeiangalia sijui mara ngapi, na kila mara macho yangu yanakwenda kwa wale wa nyuma kabisa, wapiga ngoma, kwa sababu kwaya nyingi watu wa nyuma ndo wanasinzia na hawa hawajasinzia hata mmoja.

Oktoba 2009 akaingia rasmi Los Angeles. Siku ya kwanza walifanya onyesho la bure Hollywood Bowl, Beethoven namba 9, uwanja umefurika, mabango ya sura yake mji mzima, kibanda kimoja maarufu cha hotdogi kikatoa hotdogi yenye jina lake. Sasa usidhani wote walimpigia makofi. Mwaka uliofuata walizunguka miji mingine ya Marekani na waandishi wa muziki baadhi yao walimchana, kwamba moto ni mwingi mpishi bado. Mimi nadhani hawakukosea sana. Sikiliza alivyokuwa 2009 halafu sikiliza alivyo miaka hii, mikono imepungua, zamani alikuwa anaruka, sasa kuna sehemu anasimama tu anawaangalia. Na cha maana alikaa. Los Angeles kakaa kuanzia 2009 mpaka msimu wa 2025-26, misimu 17, sehemu hiyo hiyo, na akasukuma mpango wao wa watoto wa mitaa ya kipato cha chini, unaitwa YOLA, ulianza 2007 kwa kuiga kule kwao. Watoto hao ndo uliwaona kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya 2016 wakipiga nyuma ya Coldplay na Beyoncé. Halafu Januari 1, 2017 akaongoza onyesho la mwaka mpya la Vienna, ana miaka 35, hajawahi kutokea mdogo kuliko yeye pale. Februari 2023 ndo New York Philharmonic wakatangaza wamemchukua, anaanza msimu wa 2026-27. Okestra hiyo ni ya 1842, ndo kongwe kuliko zote kubwa za Marekani, imewahi kuongozwa na Mahler mwenyewe, huyo huyo mwenye jina la yale mashindano.

Kuhusu kijana wako. Usimnunulie kijiti bado. Mtafutie kwanza chombo chochote, hata filimbi ya rekoda, hata kinanda cha kanisani wakikuruhusu saa ya mchana, na ajifunze kusoma nota, solfa kama ndo ipo anzia solfa. Halafu mpeleke kwaya aimbe sauti ya nne huko nyuma, asiwe mbele. Na kama una wapwa na watoto wa jirani hapo uani wakusanye, sita wanatosha, awafundishe wimbo mmoja wa sauti mbili mpaka utoke. Hapo utajua kama ana hiyo kitu au ana kioo tu. Mwiko nao mnyang'anye, ugali wa watu.

Swali (Dodoma): Mwalimu, kwa heshima, mi naona hata yule mtu wa mbele akienda chooni wale wanaendelea kupiga vizuri tu. Wengi wala hawamwangalii, wanaangalia makaratasi. Anafanya nini hasa?

Jibu: Ni kweli, ukiondoka katikati ya kipande wanachokijua wataendelea. Hata daladala ikiwa kwenye mteremko inakwenda bila dereva. Shida ni kuanza, kugeuka na kusimama.

Chukua ile Beethoven namba 5, hata usiyemjua Beethoven unaijua, ta-ta-ta-taaa. Watu wanadhani inaanza na "ta". Haianzi na "ta", inaanza na kimya, kuna pumziko dogo la nusu pigo mwanzoni kabisa, yaani kitu cha kwanza anachoongoza kondakta ni ukimya, na watu zaidi ya 50 wanatakiwa waingie pamoja baada ya huo ukimya bila mtu kuhesabu kwa sauti. Mkono ukienda chini kwa kusitasita unapata tta-ta-ta, kama pikipiki yenye plagi chafu. Kwa hiyo siri iko kwenye ule mkono unapopanda kabla ya kushuka, pale ndo anawapa kasi, anawapa nguvu, na anawapa pumzi, ukiangalia vizuri makondakta wengi wanavuta pumzi wazi wazi na okestra nzima inavuta nayo. Mkono wa kulia unashika mapigo, wimbo wa mapigo manne utaona chini, kushoto, kulia, juu. Wa kushoto ndo wa kusema wewe punguza, wewe njoo sasa, wewe bado. Na karatasi yake si kama za wenzake, wao kila mmoja ana mstari wake, yeye ana mistari yote ya ukurasa mmoja, filimbi juu kabisa, tarumbeta na ngoma katikati, violini na mabesi chini, anasoma kwa kushuka na kwenda mbele kwa wakati mmoja. Tena asilimia kubwa ya kazi huioni, imefanyika kwenye mazoezi, jioni ya onyesho anakumbusha tu.

Na hawamwangalii? Wanamwona kwa pembe ya jicho. Hilo nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Pasaka moja, parokia siitaji, kanisa limejaa mpaka nje, tuko kwenye sehemu ya kimya kabla sauti ya tatu haijaingia, nzi akanitua puani. Nikamfukuza. Mkono wa kushoto huo, nimeupunga vizuri kabisa kuelekea upande wao, na sauti ya tatu yote wanaume kumi na wawili wakaingia kwa nguvu, mistari miwili kabla ya wakati. Padri kageuka. Na wale walikuwa wameinamia makaratasi, hata mmoja hakuwa ananiangalia.

Afadhali mimi niliumia heshima tu. Zamani kabla ya vijiti hivi kule Ufaransa walikuwa wanapiga mapigo kwa fimbo ndefu sakafuni, na Jean-Baptiste Lully, mkubwa wa muziki wa mfalme Louis wa 14, mwanzoni mwa 1687 akajigonga kidole cha mguu nayo katikati ya onyesho, kidonda kikaoza, akafa Machi mwaka huo huo.

Swali (Tabora tena): Mwalimu, mimi ndiye yule shemeji. Nimesomewa jibu lako kwenye simu kabla halijachapwa. Sawa, si mtoto wa wakubwa. Lakini si bahati hiyo? Salonen asingekuwepo kwenye hayo mashindano tungekuwa tunamzungumzia?

Jibu: Shemeji karibu, nilijua utakuja.

Bahati ipo, na kwenye kazi hii ipo kuliko kazi nyingine nyingi. Tena nitakusaidia hoja yako. Arturo Toscanini, mwaka 1886, ana miaka 19, alikuwa mpiga selo tu (ile violini kubwa ya kupigwa umekaa) kwenye kundi la opera, michezo ya jukwaani ya kuimba, la Italia lililokuwa limekwenda Rio de Janeiro. Kondakta kagombana na watu, aliyemshikia zamu kazomewa na ukumbi, wenzake wakamsukuma huyu kijana wa selo apande, akaongoza opera ya Aida yote, saa mbili na ushee, bila kufungua kitabu. Leonard Bernstein naye, Novemba 14, 1943, ana miaka 25, msaidizi pale pale New York Philharmonic, usiku wake amekesha kwenye sherehe, asubuhi simu inalia, Bruno Walter, kondakta wa siku hiyo, ana mafua, leo mchana unaongoza wewe, hakuna zoezi, na redio inarusha nchi nzima. Kesho yake yuko ukurasa wa mbele wa gazeti. Na huyo Salonen mwenyewe unayemtaja, mwaka 1983 London aliitwa siku chache kabla kuziba nafasi ya aliyekuwa amejitoa, Mahler namba 3, kipande cha saa moja na nusu, akafanikiwa, maisha yakageuka. Pengine ndo maana alipomwona Dudamel alishika simu mara moja, alikuwa anajua mlango unavyofunguka.

Ila hebu jiulize kitu kidogo. Toscanini ile Aida aliijua kwa kichwa kwa sababu jioni zote hizo akiwa amekaa na selo alikuwa anaisikiliza yote, si mstari wake. Bernstein alikuwa analipwa kazi ya kujifunza vitabu ambavyo labda asingeviongoza kamwe. Simu ikilia saa tatu asubuhi huna muda wa kuanza kusoma. Kwa hiyo shemeji nakupa nusu, bahati ndo iliwaita, lakini wangapi wameitwa wakapanda wakashuka na hatuna hata majina yao.

Swali (Nakuru, Kenya): Hujambo Mwalimu. Nimesoma mahali kwamba Dudamel alilaumiwa sana na Wavenezuela wenzake kwa kunyamazia serikali ya kwao. Hiyo sehemu mbona hamuiandikangi? Na pia, sisi huku tuna kitu kama hiyo El Sistema?

Jibu: Sijambo, na swali lako ni la haki.

Ni kweli alilaumiwa, na kwa miaka. El Sistema ilikuwa inakula hela ya serikali, na viongozi wa Venezuela, Hugo Chávez na baadaye Nicolás Maduro, walipenda kuonekana nayo. Dudamel aliongoza muziki kwenye mazishi ya Chávez Machi 2013. Nchi ilipoanza kuchafuka yeye alikuwa anasema hataki siasa, anataka kulinda mpango wa watoto. Mpiga piano Gabriela Montero, naye ni wa Venezuela, alimwambia hadharani kwamba kunyamaza nako ni upande. Halafu Mei 2017, kwenye maandamano Caracas, akauawa kijana mpiga viola, ndugu mkubwa wa violini, aliyelelewa na El Sistema hiyo hiyo. Hapo Dudamel akavunja kimya, akaandika akiitaka serikali isikilize watu, na Julai akaandika tena gazetini kupinga mpango wa Maduro wa bunge la kubadili katiba. Jibu lilikuja Agosti, ziara ya okestra ya vijana ya taifa kwenda Marekani aliyokuwa aiongoze ikafutwa. Vijana wale walikuwa wamefanya mazoezi, masanduku karibu yafungwe.

Maoni yangu? Alichelewa. Lakini mi mwenyewe nimewahi kunyamaza kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kuna mfadhili aliwahi kutununulia sare za kwaya na baadaye akafanya mambo ya ajabu na viwanja vya watu, na sisi tuliendelea kumwimbia harusi ya binti yake. Kwa hiyo simrushii jiwe kubwa.

Na huko kwenu mnayo. Korogocho, Nairobi, kuna Ghetto Classics, ilianza 2008 chini ya Elizabeth Njoroge, kwenye eneo la kanisa Katoliki jirani kabisa na dampo la Dandora, watoto wanapiga violini na tarumbeta moshi wa takataka unapita. Nenda uwasikilize, wako karibu na wewe kuliko Caracas.

Swali (Lubumbashi, Kongo): Jambo Mwalimu. Kuna mtu mweusi wa Afrika aliyeanza na okestra yake mwenyewe bila kungoja Wazungu?

Jibu: Jambo sana, na jibu liko nchini kwako, ingawa ni mbali na wewe, Kinshasa. Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu. Alikuwa rubani wa ndege, kazi ikaisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 1994 akaanzisha okestra ya kanisa la Kimbangu. Kuongoza alijifundisha mwenyewe. Watu wengi vyombo vichache, wakawa wanapokezana violini, huyu anapiga kidogo anampa mwenzake, na uzi ukikatika walikuwa wanafunga waya wa breki za baiskeli. Umeme unakatika katikati ya zoezi wanaendelea gizani kwa kichwa. Leo inajulikana dunia nzima. Ukilinganisha na Dudamel utaona kitu kile kile kimegeuzwa, mmoja alikuta okestra ipo akapanda mbele yake, mwingine ilibidi aizae kwanza ndo apate pa kupanda.

Swali (Arusha): Shikamoo. Wote uliowataja wanaume. Sisi je?

Jibu: Marahaba binti yangu, umenishika. Marin Alsop, 2007 ndo mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa okestra kubwa ya Marekani, ya Baltimore, na alipotangazwa 2005 wanamuziki wengi wa pale walipinga waziwazi. Aliomba kuonana nao, yeye na wao tu, akawaambia anachotaka kufanya, akaingia kazini, akakaa mpaka 2021. Mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa Proms London, ukijua tamasha lenyewe ni la 1895 utapiga hesabu mwenyewe. Huyu anastahili safu nzima, nitamwandika.

Swali (Mwanza): Mshahara sh. ngapi? Na kwa nini aliacha Paris?

Jibu: Los Angeles alikuwa anapata zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, okestra za kule si za biashara kwa hiyo ripoti zao za kodi ziko wazi, mtu yeyote anasoma. Paris alichukua uongozi wa muziki wa jumba lao la opera 2021 kwa mkataba wa misimu sita, akajiuzulu Mei 2023, akisema anataka muda na familia. Los Angeles, Paris, na New York inakuja, jamani hata mwili una haki yake.

Swali (Tabora, mama tena): Mwalimu samahani, ni mimi. Wapwa wamekusanyika, wako saba. Anataka kijiti cha kweli, anasema bila kijiti hawamsikii. Vinauzwa wapi na ni bei gani?

Jibu: Saba! Mama, kijiti chenyewe ni ufito mwembamba wa mti, kama sentimita 35 hivi, nyuma kina kifundo cha gome laini la kushikia. Fundi seremala hapo Tabora anakichonga dakika kumi, mwambie kiwe chepesi na kipakwe rangi nyeupe kionekane. Ila mwambie kijana kwamba Pierre Boulez, mmoja wa waliowahi kuongoza hiyo hiyo New York Philharmonic, hakutumia kijiti, mikono mitupu. Wakimkatalia wapwa wote saba sio kijiti hicho. Aangalie kama anavuta pumzi kabla ya kuwaingiza.